Tofali Linacheza Ndani ya Shimo

Keko, Dar es Salaam
12 Septemba 1993

Mama Aliko,

Mugonile wote hapo Makwale. Mimi naamka, nakula, nalala. Goti bado linasumbua. Mjukuu wangu Aliko ameota meno ya mbele? Mwambie asilambe pengo.

Noa aliniandikia toka Karonga. Alisema mke wake anataka kalibu ya kumimina kakao. Hiyo hapo. Anakuletea Lameck, jirani yangu wa hapa, anakuja na treni ya TAZARA mpaka Mbeya, kisha gari. Nzito, asiibebe Aliko.

Ni pande la alumini. Lina mashimo sita, kina vidole vinne. Nimeyachimba na mashine ya milingi, ya kuchonga chuma, ile niliyokuwa nafagia chini yake. Mafundi walipunguzwa, karakana akanunua mtu binafsi. Tajiri akasema, Mzee Yakobo, umeiangalia miaka yote hiyo, basi ishike. Nimeishika.

Juu pamenyooka. Chini sikuona vizuri. Kisu cha mashine kilikuwa kirefu na kilipiga kelele sana.

Neno lingine. Zamani ukitaka kuniambia kitu ulimwambia mke wangu Naomi. Na mimi hivyo hivyo. Tangu tumzike mwaka juzi hakuna mtu katikati. Baba mkwe na mke wa mwanawe hatuangaliani, tumekuta hivyo. Kanisani wanasema tumeacha, lakini miguu haijaacha. Nikija wewe unapita nyuma ya migomba.

Lakini karatasi haina macho. Andika. Kitu kikiwa kibaya, sema kibaya.

Mimi,
Baba Noa

*

Makwale, Kyela
10 Oktoba 1993

Baba,

Mugonile fijo. Sisi huku tunapumua vizuri. Aliko ameota meno mawili makubwa kama ya sungura, na pengo alililamba. Noa alikuja wiki moja, akaleta vitenge vya kuuza, amerudi Karonga. Ile migomba aliyopanda mama imezaa, mkungu mmoja ulitaka kuangusha mti.

Kalibu imefika. Ndaga fijo, asante sana, Baba. Tofali zinatoka vizuri sana. Nawatumia moja muione kwa macho yenu. Na mchele, na chupa ya mafuta ya mawese niliyokamua mwenyewe, mpikie maharage.

Niwaeleze tunavyofanya. Tuko wanawake watano. Siku hizi wanunuzi wa kakao wamejaa, kila mmoja ana mzani wake na kila mzani una akili yake. Tukasema, tukaange wenyewe, tutwange, tumimine tofali za kunywa. Angetile mwenye duka pale Mbugani ameahidi kuchukua kila wiki, ila ziwe na pembe, ziwe laini. Anasema mteja ananunua kwa macho kwanza. Asipochukua, wenzangu watarudi kuuza mbegu mbichi, na mimi peke yangu siwezi.

Bahasha ameiandika mwalimu. Mnisamehe, jina lenu siwezi kulitaja wala kuliandika. Mtoto wa Mama Mercy, mmoja wetu wale watano, analo jina hilo hilo. Juzi nyuki walishuka, yeye yuko chini yao anacheza. Nikapiga kelele, "We! We! Wewe wa Mama Mercy!" Mpaka nimalize, wameshamuuma sikio.

Mwana wenu,
Mama Aliko

*

Keko
7 Novemba 1993

Mama Aliko,

Mugonile. Pole kwa sikio la huyo mwenzangu.

Tofali limefika. Laini kama shavu la mtoto. Sikuamini. Nilivyosikia ile mashine inalia nilijua humo chini kumeharibika. Kumbe hapana.

Nimemwonyesha tajiri. Akaligeuza, akanusa, akasema, "Mzee, kumbe." Neno moja tu, lakini tangu siku hiyo hanitumi sigara.

Sijalinywa. Nimeliweka juu ya redio. Mtu akiingia analiona.

Nimepata alumini nyingine. Natengeneza kalibu mbili zaidi, za wenzako. Sibadilishi kitu. Kama ile ile.

Halafu unaniandikia "ninyi, ninyi". Najua ni heshima. Lakini chumbani niko peke yangu. Nikisoma nageuka kuangalia nani mwingine ameingia.

Mchele mzuri. Nimewapa majirani waonje, wakasema niandike niletewe tena. Nimewaambia wakalime.

Mimi,
Baba Noa

*

Makwale
5 Desemba 1993

Baba,

Mugonile. Mvua imeanza, mto umejaa mpaka kwenye mpunga wa jirani, wetu umepona. Aliko alipata homa, imeisha, sasa anakula kama mtu anayehama.

Kuhusu hizo kalibu mbili, Baba, msijichoshe. Goti lenu. Moja inatutosha kwa sasa. Mama Mercy amerudi kuuza mbegu mbichi, lakini yule ana haraka zake siku zote. Angetile anasema atangoja.

Mikono yangu ina malengelenge kidogo, ndiyo maana mwandiko umepinda. Ni kazi za shamba tu.

Nimefurahi tofali liko juu ya redio. Lakini mlinywe. Kakao ni ya kunywa.

Krismasi tutawakumbuka. Nitaweka sahani ya mama pale pale alipokuwa anakaa.

Mwana wenu,
Mama Aliko

*

Keko
2 Januari 1994

Mama Aliko,

Heri ya mwaka. Pole kwa homa ya Aliko. Asante kwa sahani.

Kalibu ya pili imeisha. Nikataka kuona tofali linavyokaa. Nikalitoa lile juu ya redio, nikalirudisha ndani ya shimo. Shimo ni lile lile, kipimo kile kile.

Linacheza.

Nikalitikisa, likagonga huku na huku kama jino bovu. Kakao iliyomiminwa humo haiwezi kuwa nyembamba kiasi hicho. Nikalipeleka mlangoni penye mwanga. Umelichonga. Umelichonga na kisu pande zote, kisha ukalipangusa na mkono wenye maji moto. Malengelenge hayo si ya jembe.

Kwa hiyo nimetengeneza kalibu mbaya ya pili kwa kufuata kalibu mbaya ya kwanza. Nimemwambia tajiri ile "kumbe" yake airudishe. Amecheka. Mimi sikucheka.

Kalibu hii haiji huko. Ya tatu sijaianza.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Naomi angeniambia siku ile ile. Angesema, Baba Noa, hii takataka. Ningenuna mpaka asubuhi, halafu ningetengeneza nyingine.

Nitumie tofali baya kuliko yote. Usiliguse.

Baba Noa

*

Keko
20 Februari 1994

Mama Aliko,

Mugonile.

Barua yako haijaja. Mvua najua. Barabara najua. Lakini Lameck amerudi toka huko na hakuwa na kitu changu. Nikamwuliza Aliko mzima? Mzima. Mama yake mzima? Mzima. Basi nikajua si barabara.

Labda niliandika kwa ukali. Mimi naandika kama ninavyobeba chuma. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu.

Mashine imekaa. Ninaipaka grisi isishike kutu. Tajiri ananiuliza ile kazi ya kakao imefia wapi. Namwambia nangoja neno toka nyumbani.

Nangoja.

Baba Noa

*

Makwale
13 Machi 1994

Baba,

Mugonile fijo fijo. Barua zenu zote mbili ninazo. Nilizisoma mpaka zikalegea mikunjo. Kila nikishika kalamu naiweka, naenda kuchota maji ambayo hayahitajiki.

Sasa nasema.

Siku ya kwanza tulimimina, tukangoja ipoe, tukageuza. Hakuna kitu. Tukapiga na mchi wa kinu. Zikatoka mbili, nne zikakatika kiunoni, nusu ya chini ikabaki humo. Tulichokonoa na kijiko mpaka jioni. Na ilinukia mafuta ya taa. Noa ndiye aliyeonja kwanza, akasema, "Mke wangu, kakao hii ukiipa utambi inawaka."

Tukaosha mara nyingi, harufu ikapungua. Kushika ikabaki pale pale. Kila tofali linatoka na majeraha, mimi nachonga, makombo nayeyusha tena. Angetile alichukua zile nilizochonga, akasema hizi kama zimegugunwa na panya. Amenipa mpaka mpunga uvunwe. Zikiwa hivi hivi, basi, na wenzangu wamesema siku hiyo watagawana mbegu kila mtu aende na mzani wake. Amebaki mmoja tu anayekuja kutwanga na mimi, na yeye anakuja kwa kunihurumia.

Nililowatumia nililichonga siku nzima. Ningewaambiaje, Baba? Mtu ambaye sipiti mbele yake, nimwambie kazi ya mkono wake ni mbaya? Mama angesema. Yeye alikuwa mke wenu. Mimi nani? Nikaona bora nichonge.

Sikujua kwamba mtalirudisha shimoni.

Hapa kwenye jani la mgomba kuna tofali moja, vipande vitatu. Sikuligusa. Mtaniona mimi ni mtu wa namna gani sijui, lakini ndilo hilo.

Chupa nyingine ya mawese ipo, na mchele. Majirani wenu msiwape.

Mama Aliko

*

Keko
24 Aprili 1994

Mama Aliko,

Mugonile. Ndaga fijo. Hivyo vipande ndiyo barua.

Nimeviunganisha nikavitazama. Juu laini. Toka katikati kwenda chini mawimbi, kama mchanga wa Matema maji yakirudi. Kwenye pembe mawimbi makali zaidi. Na mikwaruzo. Kila kitu ambacho kisu kilifanya humo ndani kakao imekikumbuka. Mimi chini ya shimo sioni, ni giza na chenga tupu. Ungenitumia hivi mwezi wa kumi tungekuwa mbali. Basi, yamepita.

Nilikosea hivi. Nilitumia kisu kirefu toka mwanzo. Kirefu na chembamba kinapinda, kinatetemeka, na ule mtetemo unabaki ukutani. Sasa naanza na kifupi. Kifupi kikiishia ndipo naweka kirefu, na hicho nakisukuma juu ndani ya kishikio, kinachoning'inia ni kile tu kinachotosha kufika chini.

Ukuta simalizi hapo hapo. Naubakizia ngozi, kama ganda la kitunguu. Ngozi naitoa mwisho, mzunguko mmoja, taratibu, sisimami. Ukisimama kisu kinachimba alama pale pale.

Pembe. Kisu kilikuwa kinene sawa na pembe yenyewe, kikifika pale kinabanwa, kinalia. Nimetafuta chembamba zaidi, pembe kinaizunguka kama mtu anayekata kona na baiskeli.

Chenga. Alumini ni laini. Chenga zikibaki shimoni kisu kinazitafuna mara ya pili na kuzibandika ukutani. Ndiyo mikwaruzo hiyo. Mashine ya upepo ya tajiri imekufa, kwa hiyo napuliza na pampu ya baiskeli. Vijana wanauliza, "Mzee, hiyo alumini ina pancha?" Napuliza tu.

Mafuta ya taa ya kupoza kisu nimeacha, kwa ajili ya ulimi wa Noa. Kisu nakipaka mawese yako. Kinakata kimya. Karakana inanukia maharage, saa nne watu wote wana njaa.

Na fundi wa kunoa amekipa kisu cha mwisho mteremko kidogo, ili mdomo wa shimo uwe mpana kuliko kitako. Hilo ningelijua toka mwanzo. Hata ndoo iko hivyo.

Niliharibu pande moja zima kabla ya kupata. Tajiri aliona. Akanipa lingine.

Naileta mwenyewe, mwisho wa Mei. Utajificha. Jifiche. Lakini chungu cha kakao kiwe motoni.

Baba Noa

*

Makwale
19 Juni 1994

Baba,

Mugonile. Natumaini treni haikuwatesa goti. Mpunga umeshaingia ndani, Aliko anawaulizia kila asubuhi, anasema babu amekwenda kuchukua pampu. Nadhani mlimwahidi.

Mlikuwa ukumbini, mimi nyuma ya ukuta wa jiko na chungu changu. Nilimpa Mama Mercy akapeleka. Tangu mlipomimina mpaka ikapoa sikukaa chini. Nilikuwa nimeshika mwiko tu, sipiki kitu. Nikasikia mnageuza. Nikasikia mnapiga na kiganja, pigo moja. Kisha nikasikia zinaanguka mezani, tu, tu, tu, zote, kama maembe.

Nikacheka. Nilijiziba mdomo lakini kicheko kilishapita. Nanyi mkauliza, "Nani anacheka huko?" Mama Mercy akasema, "Kuku." Mkasema, "Basi mwambieni kuku huyo, kwa upande wangu nimeilegeza hii mila. Asipotaka kunitazama asinitazame. Lakini aseme."

Kuku alisikia, Baba. Alikaa chini karibu na mafiga akalia kidogo, halafu akaosha chungu.

Angetile amechukua. Alipitisha kidole kwenye kila tofali akitafuta sababu, hakuipata. Amesema tulete kila Jumanne. Mama Mercy amerudi, na yule mwingine, na yule mwingine. Tuko watano tena. Malengelenge yamekauka.

Sasa neno lenyewe.

Shimo la tatu, ukihesabu toka upande wenye mshikio. Kwenye pembe, karibu na kitako, pana mchirizi. Tofali linatoka vizuri, halikatiki, lakini linatoka na mstari. Angetile hajauona. Mimi nimeuona. Huo ni ubaya, Baba, nanyi mlisema ubaya usemwe.

Nawatumia tofali la shimo hilo. Sikulichonga.

Mwana wenu,
Tumpale

*

Keko
17 Julai 1994

Mwanangu Tumpale,

Mugonile. Goti limechoka lakini halilalamiki. Pampu ya Aliko ipo, anakuja nayo Lameck.

Mstari nimeuona. Kweli upo. Pale kwenye shimo la tatu kijana mmoja aliniita, nikasimamisha mkono. Nilijua. Nikasema nani ataona. Nikija Desemba nitautoa, ni kazi ya asubuhi moja. Angetile akiuona kabla, mwambie ndiyo alama yetu.

Tajiri amenipa kazi nyingine ya mashimo marefu, ya mtu wa mishumaa. Nimemwambia kwanza alete mawese.

Bahasha. Nilipoipokea nikaitazama sana kabla ya kuifungua. Mwandiko si wa mwalimu. Ni ule ule wa ndani. Jina langu limeandikwa lote, na kwenye herufi ya kwanza wino umevuja, kama kalamu ilikaa pale muda mrefu.

Bahasha hiyo ndiyo iko juu ya redio.

Tofali nimelinywa. Halinuki taa.

Baba yako,
Yakobo